Njia za Mpiganaji: Namna Watu wa Kasongo na Kabambare Walivyopigana Vita Zamani

Ndugu msomaji, kila mara tunapoongea habari za vita ya zamani hapa kwetu Maniema ya kusini, maneno mawili yanarudi: nguvu na dawa. Fulani alishinda juu alikuwa na nguvu. Fulani alishindwa juu dawa yake iliharibika. Maneno hayo yanapendeza kusikia, na watoto wanayapenda sana. Lakini hayatoshi. Ukifuata mambo yenyewe yalivyopita, utaona ya kwamba mpiganaji wa Kasongo ao wa Kabambare alikuwa mtu wa kuchagua. Mbele ya adui alikuwa na njia kadhaa: kujificha msituni, kupiga bunduki, kushika mto, kuingia bomani, kukimbia, ao kugeuka upande. Kila njia ilikuwa na faida yake na bei yake. Na vita kubwa ya 1892 mpaka 1894 iliamuliwa na wale waliojua mapema bei ya kila njia.

Katika kurasa hizi nitazipitia njia hizo moja moja, kwa mifano ya inchi yetu wenyewe.

Nani alikuwa mpiganaji?

Tuanze na jina la vita. Vitabu vingi vinaiita "vita ya Waarabu". Jina hilo linapoteza watu. Waarabu wenyewe, maana yake watu wa Omani na wana wao waliozaliwa Unguja na pwani, walikuwa wachache sana. Nyuma yao walikuwa Waungwana, watu waliofuata dini, mavazi na lugha ya pwani. Na nyuma ya Waungwana walikuwa watu wa hapa hapa: Wakusu, Wasongye, Wazimba, Wazula, Wabangubangu na wengine. Kuna waliotekwa wakiwa watoto, wakalelewa katika nyumba ya bwana, kisha wakapewa bunduki. Kuna waliotolewa na machifu wao ili kijiji kiachwe kwa amani. Kuna pia waliofuata wenyewe, juu bunduki ilileta nguo, chumvi, wanawake na heshima.

Upande wa pili, ule wa Bula Matari, yaani Serikali ya mfalme Léopold II, hali ilikuwa karibu sawasawa. Wazungu walikuwa wachache. Askari wao wa kawaida walitoka mbali, wengine Afrika ya Magharibi, kama vile Wahausa. Lakini umati mkubwa uliotembea nao ulikuwa watu wa Lomami na Sankuru. Kwa hiyo, pande zote mbili, waliokufa wengi njo babu zetu. Tukisema "Waarabu walipigana na Wazungu" tunawasahau.

Njia ya kwanza: msitu na mkuki

Kabla ya bunduki kujaa, mpiganaji wa Maniema alikuwa na mkuki, ngao, upinde na mishale. Silaha hizo zinaonekana ndogo mbele ya baruti. Lakini katika njia nyembamba ya msitu, mambo yanageuka. Mwenye bunduki anahitaji kuona mbali. Mwenye mkuki anahitaji kuwa karibu, na majani mazito yanamleta karibu.

Mfano mzuri uko katika safari ya David Livingstone. Mzungu huyo alikaa muda mrefu Kabambare, mahali alipoandika "Bambarre", kati ya 1869 na 1871. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, akaona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakipiga risasi katikati ya soko, wanawake wakijitupa katika Lualaba na kuzama. Baada ya hapo akaondoka kurudi Ujiji. Siku ya 8 Agosti 1871, njiani, watu wa vijiji waliokuwa wamechomewa manyumba walimvizia. Walidhani yeye ni mmoja wa wafanyabiashara wale. Mkuki mmoja ulipita karibu na mgongo wake. Mwingine ulianguka mbele yake. Kisha mti mkubwa uliokuwa umekatwa karibu wote ukaanguka njiani, ukamkosa kidogo. Watu wake walikuwa na bunduki, lakini wangepiga nani? Waliona majani tu.

Hapo tunaona mbinu kamili. Walichagua mahali ambapo njia ni nyembamba. Walikata mti kabla, wakauacha umesimama tayari. Walitupa mkuki na kupotea. Hawakusimama kushindana kwa ushujaa wa wazi, juu walijua wazi wangekufa. Wengine wanaweza kusema hiyo ni vita ya woga. Mimi nasema ni vita ya mtu anayejua hesabu.

Bei yake ni ipi? Msitu unamlinda mpiganaji, lakini haulindi shamba wala kijiji. Aliyekuwa msituni aliweza kuishi, na huku mihogo yake, mbuzi zake na watoto wake wakibaki wazi kwa adui. Njo maana vijiji vingi, hata vile vilivyojua sana kuvizia, mwishoni vilikubali kulipa pembe za tembo.

Njia ya pili: gobori na mlio wake

Bunduki nyingi za Waungwana zilikuwa magobori. Gobori linajazwa kwa mdomo wa mtutu: kwanza baruti, kisha kitambaa ao majani ya kukaza, kisha risasi ao marisau, halafu mtu anasukuma kwa mdeki. Bado kuna fataki ao jiwe la gumegume la kuwasha. Kazi yote hiyo inafanywa mtu akiwa amesimama ao amepiga goti, mbele ya adui anayekimbia kuja.

Kwa hiyo gobori lilikuwa silaha ya mpigo wa kwanza. Nguvu yake kubwa ilikuwa wingi, ukaribu na mlio. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mtu tunayemjua sote kwa jina la Tippu Tip, alieleza katika kitabu cha maisha yake ya kwamba jina hilo lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wengine wanasema lilitokana na macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Mwaka 1867, kabla hajafika kwetu, alipigana na chifu Nsama wa Itahwa, upande wa kusini-magharibi ya ziwa Tanganyika. Nsama alikuwa mtu wa kuogopwa, na watu wake walikuwa hodari wa mishale. Tippu Tip mwenyewe alichomwa na mishale. Lakini wapiga mishale walikuwa wamesongamana mahali pamoja, karibu sana, na magobori yaliyojazwa risasi pamoja na marisau yaliwaangusha wengi kwa mara moja. Aliyezoea kusimama bega kwa bega ili kutupa mishale mingi, safari hii kusimama hivyo kulimwua.

Habari ya ushindi huo ilitembea kuliko msafara. Tippu Tip alipojiweka Kasongo mnamo 1875, jina lake lilikuwa limetangulia, na machifu wengi walikubali bila kupigana. Mlio nao ulikuwa silaha.

Sasa tuangalie bei. Gobori linaogopa maji. Mwezi wa Oktoba 1892, Sefu bin Hamed, mtoto wa Tippu Tip aliyebaki na mamlaka Kasongo baada ya baba yake kurudi Unguja, alivuka Lomami kwenda kupiga watu wa Serikali. Tarehe 23 Novemba 1892, pale Chige, ofisa Michaux pamoja na watu wa Gongo Lutete walishambulia boma lake wakati mvua kubwa inanyesha. Baruti ililowa, na magobori mengi hayakuwaka. Askari wa Serikali walikuwa na bunduki za Albini, zinazojazwa kwa nyuma, na risasi zake zimefungwa ndani ya shaba, mvua haizizuii. Watu wa Sefu walikimbilia mto, na wengi walizama katika Lomami.

Angalia vizuri, msomaji. Watu wale walikuwa wengi, walikuwa ndani ya boma, na hawakukosa moyo. Adui alichagua saa ambayo silaha yao ilikuwa fimbo tu.

Njia ya tatu: kushika mto

Baada ya Chige, watu wa Sefu na wa Mwinyi Mohara, bwana wa Nyangwe, walirudishwa nyuma. Mwinyi Mohara aliuawa Januari 1893. Jeshi la Serikali, chini ya Francis Dhanis, likafika ukingo wa magharibi wa Lualaba, likiangalia Nyangwe ngʼambo ya pili.

Hapo mto ukawa ukuta. Lualaba pale ni pana, na asiye na mtumbwi hana njia. Jeshi lilikaa pale majuma mengi, pande mbili zikitupiana risasi juu ya maji. Mwenye kushika mto hahitaji kupiga sana. Anahitaji kuzuia mitumbwi isimfikie adui.

Lakini mitumbwi ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Wagenia, wavuvi na wavushaji wa mto. Waungwana walikuwa wamekaa Nyangwe miaka mingi, wakivushwa na Wagenia kila siku, na kila siku wakiwahesabu kama watu wa kazi tu. Wagenia walipokubali kutoa mitumbwi yao kwa Dhanis, ukuta ulianguka. Tarehe 4 Machi 1893 jeshi lilivuka, na Nyangwe ikachukuliwa. Katika siku zilizofuata kulitokea mapigano ndani ya mji wenyewe, nyumba kwa nyumba, na mji ule wa soko kubwa ukaharibiwa karibu wote. Ndui nayo iliingia, ikaua watu wa pande zote bila kuuliza mtu anamfuata nani.

Tarehe 22 Aprili 1893 Kasongo nayo ilianguka kwa muda mfupi, kabla ya saa sita mchana kufika. Mji ulikuwa mkubwa, wenye mashamba ya mpunga na miwa, michungwa na nyumba nzuri. Watu walishtuka, wakakimbia. Mahali pale leo tunapaita Tongoni. Jina lenyewe linasema kila kitu: tongo ni mahali palipokaliwa na watu, kisha pakabaki ukiwa. Katika miaka ya 2010 wachimbuzi wa mambo ya kale walifika Tongoni kutafuta mabaki ya mji huo chini ya udongo.

Njia ya nne: boma

Baada ya Kasongo kuanguka, wengi walifikiri vita imekwisha. Kumbe mtu mkubwa alikuwa bado yuko njiani: Muhammad bin Khalfan, anayeitwa Rumaliza, bwana wa Ujiji. Alitoka upande wa Tanganyika, akapita Kabambare, akakaribia Kasongo. Huyu alikuwa amejifunza. Alijua ya kwamba kupigana wazi na Albini ni kufa. Akachagua boma.

Maboma ya Rumaliza hayakuwa ua wa kawaida. Yalizungukwa na magogo mazito na handaki. Ndani, wapiganaji walichimba mashimo na njia za chini, wakayafunika kwa miti na udongo. Mzinga ukipiga, kombora linapasuka juu. Mtu yuko chini, anangoja. Moshi ukitoka, anainuka na kupiga. Na zaidi ya hayo, boma lilijengwa kwa haraka: jeshi la Rumaliza lilifika mahali jioni, asubuhi ngome iko tayari. Kazi hiyo ilifanywa na mikono mingi, ya wanaume na wanawake, wengi wao watumwa.

Mbinu hii ilikuwa karibu kushinda. Oktoba 1893, upande wa mto Lulindi, jeshi la Serikali lilipigana siku kadhaa na maboma hayo bila kuyavunja. Ofisa Ponthier alijeruhiwa akafa. Sefu naye alijeruhiwa katika mapigano ya mwezi huohuo, akafa. Novemba ofisa de Heusch aliuawa. Kwa miezi mitatu Rumaliza alikuwa anasogea boma kwa boma.

Bei ya boma ni hii: anayejifungia ndani ameweka vitu vyake vyote mahali pamoja. Tarehe 14 Januari 1894, pale Bena Kalunga, kombora moja la mzinga wa Krupp liliwasha moto ndani ya boma, na akiba ya baruti ikalipuka. Manyumba ya nyasi yalishika moto moja kwa moja. Watu waliokuwa wamekaa salama chini ya udongo sasa walikimbia moto, wakatoka nje mbele ya bunduki. Maboma mengine ya karibu yalizungukwa na kukatiwa maji, na watu wake wakajitoa kwa kiu. Tarehe 25 Januari 1894 ofisa Lothaire aliingia Kabambare. Rumaliza mwenyewe aliponyoka, akavuka Tanganyika mpaka upande wa Wadachi.

Hapo pia kuna fundisho: boma halivunjwi na nguvu ya mlango tu. Linavunjwa na moto, na kiu, na njaa. Anayeuliza "ukuta wetu ni mzito namna gani?" lazima aulize pia "maji yetu iko wapi?"

Njia ya tano: kugeuka upande

Njia hii haisemwi sana, juu inaleta haya. Lakini katika vita ya kwetu ilikuwa na uzito kuliko mzinga wa Krupp.

Gongo Lutete wa Ngandu, kwenye Lomami, alikuwa mtumwa wa Waungwana alipokuwa mdogo. Kwa ushujaa wake alipata uhuru, akapanda mpaka akawa jemadari wa Tippu Tip, akitafuta pembe na watu kwa niaba yake. Vijiji vingi vilimjua kwa kilio. Mwaka 1892 alipigwa na Dhanis, na katika mwaka huohuo akageuka, akajiunga na Serikali pamoja na maelfu ya watu wake. Sefu alipovuka Lomami, moja ya sababu zake kubwa ilikuwa Gongo: alimtaka arudishwe kama mali iliyopotea.

Bila Gongo, Serikali isingejua njia, isingepata chakula wala wachukuzi, na isingekuwa na watu wa kutosha pale Chige. Wagenia nao, kwa namna yao, walifanya uchaguzi wa aina hiyo. Kwa hiyo tunaweza kusema: mamlaka ya Kasongo ilianguka kwanza katika mioyo ya watu waliokuwa chini yake, kisha ikaanguka kwa bunduki. Aliyetawala kwa kuteka, siku ya shida aligundua ya kwamba mateka wana miguu.

Lakini je, kugeuka kulimwokoa Gongo? Hapana. Septemba 1893 maofisa wa Serikali kule Ngandu walimshitaki kwa uhaini, wakamhukumu, na tarehe 15 ya mwezi huo wakampiga risasi. Mganga Mwingereza Hinde, aliyetumwa kumwokoa, alifika amechelewa. Bwana mpya alimwua mtu aliyempa ushindi. Miaka miwili baadaye, Julai 1895, askari wengi waliokuwa watu wa Gongo waliasi pale Luluabourg, na kisasi cha bwana wao kilikuwa moja ya sababu. Mwaka 1897 askari wengine wa msafara wa Dhanis waliasi tena wakielekea Nile, na vita yao ikashuka mpaka kwetu: mwaka 1898 walipigana na Serikali hapa Kabambare. Vijiji vilivyokuwa vimeanza kulima upya vilikimbia tena.

Na dawa je?

Wazee wataniuliza: mbona hukusema dawa? Ninaisema sasa. Hirizi, chanjo na masharti vilikuwepo pande zote, na kazi yake ilikuwa ya kweli: kumpa mtu moyo wa kusogea, na kumfunga kwa sheria. Mwaka 1964, Wasimba walipopita katika Maniema na kuchukua Kindu mwezi wa Julai, walipewa dawa na kuambiwa ya kwamba risasi itakuwa maji. Masharti yalikuwa makali: usigeuke nyuma, usimguse mwanamke, usikimbie. Masharti kama hayo yanafanya jeshi la vijana liende mbele pamoja, na adui aliyeamini dawa hiyo alitupa bunduki yake na kukimbia. Lakini mbele ya adui asiyeiamini, "usigeuke nyuma" inamwondolea mpiganaji njia zake zote: ya msitu, ya mto, ya boma, hata ya kukimbia. Inamwachia moja tu. Na Wasimba wengi walikufa katika hiyo moja.

Tunalojifunza

Ninaandika haya kwa sababu ya vijana wetu. Katika miaka ya 2010 na kuendelea, teritwari ya Kabambare imejua tena makundi ya silaha, zaidi upande wa Salamabila, karibu na dhahabu ya Namoya. Kijana anayeitwa kuingia porini anasimuliwa habari za mababu mashujaa. Ni vizuri asimuliwe habari nzima.

Habari nzima ni hii. Babu aliyetupa mkuki mwaka 1871 alitetea kijiji kilichochomwa, na alijua kuondoka kabla hajauawa. Babu aliyekuwa Chige na gobori lililolowa hakuchagua siku ya vita. Bwana wake alichagua. Babu aliyechimba shimo Bena Kalunga hakuulizwa baruti iwekwe wapi. Na Gongo, aliyekuwa mjanja kuliko wote, aliuawa na wale aliowasaidia. Njia nyingi zilikuwepo, lakini mara nyingi zilikuwa mkononi mwa mkubwa, na bei ililipwa na mdogo.

Kwa hiyo kijana akiitwa vitani, na aulize maswali ambayo mpiganaji mwenye akili aliuliza tangu zamani. Nani anachagua siku? Chakula na maji vitatoka shamba la nani? Mlango wa kutokea uko wapi? Tukishinda, huyu bwana atanifanya nini? Asipopata jibu, basi kubaki nyumbani nako ni njia, na hakuna haya ndani yake.

Wenye wazee waliosikia habari za maboma ya Lulindi, za wavushaji wa Nyangwe, ao za njia za msitu za Kabambare, waende wakawaandike mapema. Tongoni ina udongo unaotunza vipande vya vyungu na shanga. Maneno hayana udongo wa kuyatunza.